Mtakatifu Inyasi wa Loyola: Alivyokataa Kusindikizwa



Leo tumwangalie mtakatifu ambaye wengi wetu tunamjua kwa Mazoezi ya Kiroho na kwa shule zinazoitwa kwa jina lake, ila safari zake hatuzijui sana: Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Nimemchagua kwa sababu ya swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na vijana wanaokaribia kwenda chuo mkoa wa mbali, au kuanza kazi mahali ambapo hawana hata shangazi wa kumpigia simu. Je, kwenda peke yangu kutanijenga au kutanipoteza? Wazazi wanasema kutakupoteza. Marafiki mitandaoni wanasema kutakujenga, na wanaweka picha. Inyasi hakuwa na picha, lakini alisafiri peke yake kwa makusudi, maelfu ya kilomita, na safari hizo nusura zimuue mara kadhaa. Nikisoma maisha yake naona pande zote mbili za swali hilo.

Alizaliwa mwaka 1491 katika ngome ya Loyola, nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Jina lake la ubatizo ni Íñigo. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wengi, mama yake akafariki yeye akiwa bado mdogo. Alipokuwa kijana alipelekwa kulelewa nyumbani kwa mweka hazina wa mfalme, na huko akajifunza mambo ya wakubwa: kuvaa vizuri, kupanda farasi, kushika upanga, kuwavutia mabinti. Yaani alikuwa kijana wa mjini kwelikweli. Kitu kimoja tu hakuwahi kukijua: kuwa mtu asiye na jina. Kila alipokwenda alikuwa mtoto wa Loyola, na jina hilo lilimfungulia milango kabla hajabisha hodi.

Tarehe 20 Mei 1521 alikuwa Pamplona, akiilinda ngome dhidi ya jeshi la Wafaransa. Wenzake walitaka kujisalimisha, yeye akawashawishi wapigane. Risasi ya mzinga ikapita katikati ya miguu yake, ikavunja mmoja na kuujeruhi mwingine. Wafaransa wenyewe ndio waliomtibu kwanza, kisha wakampeleka kwao kwa machela. Mfupa ulipounga vibaya ukavunjwa tena. Ulipounga mara ya pili ukaacha nundu chini ya goti, naye akaamuru ikatwe kwa msumeno, bila dawa ya usingizi, kwa sababu tu nundu ile ingeharibu muonekano wa viatu vyake virefu vya kisasa. Jamani! Nasi tunadhani tamaa ya kupendeza imeletwa na simu.

Alipokuwa amelala akaomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa vita. Nyumba nzima havikuwepo. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Akawa anasoma, kisha anaota ndoto za mchana. Mara anaota atakavyomhudumia bibi mmoja wa heshima, mara anaota atakwenda Yerusalemu bila viatu kama watakatifu. Baada ya muda akagundua jambo dogo lililobadilisha maisha yake: ndoto za kwanza zilimfurahisha wakati anaota, kisha zikamwacha mkavu. Zile za Yerusalemu zilimwacha na furaha hata baada ya kuziacha. Hapo ndipo alipoamua kusafiri.

Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye alikuwa mwenye nyumba, akashtuka. Akamchukua kutoka chumba hadi chumba akimwonyesha mali na heshima ya ukoo, akimsihi asijitupe, watu wanamtegemea. Kama na wewe umewahi kukalishwa sebuleni na wakubwa wa familia ukaambiwa usituaibishe, unalijua joto la kikao hicho. Inyasi hakubishana. Alisema anakwenda tu kumsalimia mtawala aliyekuwa akimtumikia, na hilo lilikuwa kweli, ila hakumaliza sentensi.

Aliondoka mapema mwaka 1522 akiwa amepanda nyumbu (mnyama anayezaliwa na punda na farasi, siyo wale wa Serengeti). Kaka yake mwingine, padre, akamsindikiza kidogo. Alikuwa pia na watumishi wawili. Akaagana na kaka yake njiani, akapita kuchukua fedha aliyokuwa anadai, akalipa madeni yake, nyingine akaitoa itengeneze sanamu ya Bikira Maria iliyochakaa. Kisha akawaaga watumishi wote wawili. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa barabarani hana mtu nyuma wala mbele.

Sasa msidhani aliyekuwa juu ya yule nyumbu alikuwa mtakatifu. Njiani akakutana na Mwislamu mmoja, wakaongozana wakizungumza, mazungumzo yakafika kwa Bikira Maria, na yule bwana akasema jambo ambalo Inyasi aliliona ni matusi kwa Mama Maria. Yule bwana akatangulia kwa haraka. Inyasi akabaki nyuma akiwaka moto: amfuate akamchome kisu au amwache? Akashindwa kuamua. Alipofika njia panda akaiachia hatamu, nyumbu achague mwenyewe. Akifuata njia ya kule alikoelekea yule mtu, basi atamchoma. Mnyama, ingawa njia ya mjini ilikuwa pana na nzuri zaidi, akashika njia nyingine. Namshukuru Mungu kwa nyumbu yule. Peke yake barabarani, Inyasi alikuwa bado amebeba upanga, hasira na mashairi ya ushujaa. Kutoka nyumbani hakukuwa kumemvua chochote.

Alifika Montserrat, kwenye hekalu la Bikira Maria juu ya milima. Akaandika dhambi zake zote na kuungama kwa siku 3. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Machi, sikukuu ya kupashwa habari Bikira Maria, akamtafuta maskini mmoja kwa siri, akampa nguo zake nzuri, yeye akavaa gunia. Usiku kucha akakesha mbele ya altare, mara amesimama, mara amepiga magoti, akauacha upanga wake pale. Alfajiri akaondoka kabla hajatambuliwa. Hajafika mbali, mtu akamkimbilia kuuliza kama kweli amempa maskini zile nguo, maana yule maskini amekamatwa kwa wizi. Inyasi akalia. Nguo aliyotoa kwa upendo ilimtia matatani mtu aliyependwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona dunia inavyomtazama mtu asiye na jina.

Akaenda mji wa Manresa akidhani atakaa siku chache. Akakaa karibu miezi 11. Hapa, wapendwa, naomba tusipite haraka, kwa sababu hapa ndipo wanaosifia upweke huwa wanaruka.

Alikuwa anaomba mkate mlango hadi mlango. Kwa kuwa zamani alijali sana nywele, aliziacha bila kuchana. Kucha nazo hakukata. Mwanzoni alikuwa na furaha. Kisha ikamjia sauti ndani: hivi utaweza kuishi hivi hadi uzeeni? Baadaye yakaja mashaka ya dhamiri. Aliungama, akaona hajaungama vizuri, akaungama tena, akakumbuka kadogo alikosahau, akarudi tena. Hakupata usingizi wala amani. Ikafika mahali akapata kishawishi kikali cha kujiua pale chumbani alipokuwa anaishi. Akawa anamlilia Mungu kwamba hatafanya jambo la kumchukiza. Akaamua kutokula kabisa hadi Mungu amsaidie, na akakaa wiki nzima bila chakula. Jumapili akamweleza padre muungamishi wake, na padre akamwamuru aache mfungo huo. Akatii, akala.

Angalia jinsi mambo yalivyokwenda. Mtu amejitenga na watu wote wanaomjua, na kilichomwokoa ni kwamba kila Jumapili alikuwa na mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Inyasi alikuwa peke yake barabarani, lakini hakuwahi kujitenga na kitubio. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Nilipohamia mji ambao sikumjua mtu, kitu cha kwanza nilichotafuta ni chumba, cha pili kazi, na parokia ikaja ya tatu. Sasa ningewashauri muiweke ya kwanza. Na kama unasoma hapa ukiwa na mawazo kama aliyokuwa nayo Inyasi Manresa, usisubiri Jumapili: mpigie mtu simu leo, umwambie kama yalivyo.

Mashaka yakaisha, siyo kwa nguvu zake. Akaanza kuelewa mambo. Siku moja ameketi kando ya mto Cardoner, akapata mwanga mkubwa kiasi kwamba baadaye, akiwa mzee, alisema ukijumlisha yote aliyojifunza maishani hayafikii aliyopokea mara ile moja. Akakata nywele na kucha. Akaanza kuandika katika daftari yale yaliyokuja kuwa Mazoezi ya Kiroho. Yaani kitabu ambacho maaskofu na mapadre wanakitumia hadi leo kilianza kama daftari la kijana wa kihispania asiye na elimu ya teolojia, anayeishi kwa kuombaomba.

Mwanzoni mwa mwaka 1523 akaenda Barcelona kutafuta meli. Hapa ndipo penyewe. Watu wema waliomfahamu wakamwambia: hujui Kilatini, hujui Kiitaliano, tafuta mtu wa kwenda naye. Wakawa hata tayari kumpatia. Inyasi akawajibu kwamba hata angekuwa mtoto au ndugu wa mtawala wa Cardona, asingekwenda naye. Sababu yake haikuwa kiburi wala kupenda uhuru. Alisema anataka kuwa na fadhila tatu, imani, matumaini na mapendo, na kuziweka kwa Mungu peke yake. Akiwa na mwenzake, akipata njaa atamtazamia mwenzake. Akianguka, atamtegemea mwenzake amwinue. Atamwamini yeye na kumpenda kwa ajili hiyo. Alitaka kujua, kiungo kile kikiondolewa, chini yake kuna nini.

Nahodha akakubali kumsafirisha bure, kwa sharti aje na mikate mikavu yake ya safarini. Inyasi akaona hata hiyo mikate ni kumtilia Mungu mashaka! Akahangaika, hakuweza kuamua, akaenda tena kwa muungamishi. Padre akamwambia aombe anachohitaji na akibebe. Akatii. Wakati anaomba, mama mmoja akamuuliza anakwenda wapi. Hakuthubutu kusema Yerusalemu, aliogopa kujivuna, akasema anakwenda Roma tu. Pale bandarini akagundua mfukoni zimebaki sarafu tano au sita. Akaziacha juu ya benchi, akapanda meli. (Mimi hapa ningerudi kuzichukua, sitaki kuwadanganya.)

Siku 5 baharini na upepo mkali, wakashuka Gaeta, Italia. Nchi ilikuwa na tauni, kila mji umefunga milango. Wahenga wetu walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani; mtoto wa Loyola akalipata somo hilo kwa miguu yake. Mama mmoja na binti yake aliyevaa mavazi ya kiume, pamoja na kijana mwingine, wakaungana naye njiani kwa kuwa nao walikuwa wanaomba. Usiku wakafika mahali palipokuwa na askari. Walipewa chakula na divai. Mama na binti wakalazwa chumba cha juu, Inyasi na yule kijana wakalala zizini. Katikati ya usiku akasikia mayowe. Akatoka, akawakuta mama na binti uani wakilia kwamba askari walitaka kuwabaka. Akaanza kupiga kelele kwa ukali kiasi kwamba watu wote wa pale wakapigwa na bumbuazi, hakuna aliyethubutu kumgusa. Yule kijana mwingine alikuwa ameshakimbia. Wakaondoka watatu usiku uleule.

Dada zangu, tukio hili naliweka hapa kwa ajili yenu, nikijua kwamba barabara si sawa kwa kila mtu. Yule binti hakuvaa nguo za kiume kwa mchezo. Inyasi aliweza kulala zizini peke yake akaamka salama, yeye asingeweza. Kwa hiyo mtu akikuambia nenda tu peke yako, Mungu yupo, muulize kwanza yeye analala wapi. Mruhusu mama au dada ajue basi ulilopanda na nyumba unayofikia, hilo halipunguzi imani hata kidogo.

Kesho yake mji uliofuata ukakataa kuwafungulia. Inyasi alikuwa amechoka hadi miguu haisogei, akabaki, mama na binti wakaendelea. Baadaye akaruhusiwa kuingia, akaomba, akapumzika siku mbili. Jumapili ya Matawi akafika Roma. Akapokea baraka ya Baba Mtakatifu Adriano VI ya kwenda hija Nchi Takatifu.

Roma wote walimwambia haiwezekani kufika Yerusalemu bila pesa. Wakampa dukati sita au saba za nauli, akazipokea. Siku mbili baada ya kutoka Roma akaona amezipokea kwa woga, akaanza kuzigawa kwa maskini aliokutana nao. Akalala chini ya vibaraza. Asubuhi moja aliamka, mtu aliyekuwa karibu akamwona na kukimbia kwa hofu, jinsi alivyokuwa amekonda na kupauka. Karibu na Padua wasafiri wengine wakamwacha kwa kuwa hakuweza kwenda mwendo wao, usiku ukamwingilia uwanjani. Hapo Kristo akamtokea kwa namna aliyokuwa akimwona mara kwa mara, akamtia moyo. Alilolitamani Barcelona, kukosa kabisa mtu wa kumwinua, lilitimia pale shambani gizani.

Venice alilala kwenye uwanja wa Mtakatifu Marko, mpaka Mhispania tajiri alipomchukua kwake na kumsaidia kumfikia mtawala, aliyemwagizia nafasi kwenye meli ya kwenda Kupro. Siku ya kuondoka alikuwa na homa kali. Watu wa nyumba ile walipomuuliza daktari, alijibu kwamba anaweza kupanda, kama lengo ni kuzikwa huko. Akapanda. Akatapika, akapona. Melini akawakemea mabaharia kwa uchafu wao wa wazi, wakapanga kumtelekeza kwenye kisiwa. Upepo ukakataa kuwafikisha.

Tarehe 4 Septemba 1523 akaingia Yerusalemu akiwa juu ya punda. Furaha yake sijui niieleze vipi. Alikuwa ameshaamua moyoni kubaki huko maisha yake yote, kutembelea mahali patakatifu na kusaidia roho za watu. Ndiyo sababu aliacha kila kitu. Akawaomba Wafransisko waliokuwa walinzi wa mahali hapo. Mkuu wao akamjibu kuwa haiwezekani: wengine waliotaka kubaki wameuawa au wametekwa, na shirika limelazimika kuwakomboa. Inyasi akasema yeye haogopi kitu. Mkuu akamwambia ana mamlaka kutoka Roma ya kumtenga na Kanisa asiyetii, akataka kumwonyesha hati. Inyasi akasema hana haja ya kuziona, kama wamesema hivyo basi anatii.

Hapa mimi nasimama kila mara. Mtu huyu alivuka bahari, tauni, askari na homa kwa sababu hakumsikiliza aliyemwambia haiwezekani. Kisha anamsikiliza mmoja, na anaiacha ndoto yote kwa neno lake. Tofauti gani? Wale wengine walikuwa wanamwonyesha woga wao. Huyu alikuwa Kanisa, na aliwajibika kwa uhai wake. Kupambanua kati ya sauti hizo mbili ndiyo kazi ngumu kuliko kutembea, na aliijifunza peke yake njiani, kuanzia kitandani Loyola.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Kabla ya kuondoka akatoroka peke yake bila mlinzi hadi Mlima wa Mizeituni, akawahonga walinzi kisu chake kidogo ili aone jiwe linalosemekana lina alama za nyayo za Bwana alipopaa. Akaendelea Bethfage. Akiwa huko akakumbuka hakuangalia vizuri mguu wa kulia ulielekea wapi na wa kushoto wapi. Akarudi! Safari hii akatoa mkasi. Mtumishi wa monasteri aliyetumwa kumtafuta akamkuta, akamkamata mkono kwa hasira, akamrudisha kama mtoto mtoro. Inyasi alisema baadaye kwamba njia nzima alihisi Kristo yuko juu yake.

Akarudi Ulaya katikati ya baridi, amevaa suruali ya kufika magotini na koti lililochanika mabegani. Meli tatu ziliondoka Kupro siku moja. Nahodha wa meli kubwa ya Venice alikataa kumpakia, akatania kwamba kama ni mtakatifu basi avuke kama Mtakatifu Yakobo. Meli hiyo ikavunjika, nyingine ikazama na watu wake. Kale kameli kadogo kaliko mpakia ndiko kalikofika. Januari 1524 yuko Venice. Akapita kwa miguu katikati ya majeshi ya Wahispania na Wafaransa, akakamatwa kama jasusi, akavuliwa nguo, akaachwa kwa sababu kapteni alimwona hana akili nzuri.

Amerudi Barcelona, Yerusalemu imemkatalia. Afanye nini? Akaamua kusoma, ili aweze kusaidia roho. Akiwa na miaka 33 hivi akaketi kujifunza Kilatini pamoja na watoto. Mnaorudia masomo mkiona aibu ya wadogo zenu darasani, mna msimamizi mbinguni. Akaendelea Alcalá, akafungwa siku 42 kwa kushukiwa mafundisho. Salamanca akafungwa tena siku 22. Hakukutwa na kosa. Akaenda Paris peke yake kwa miguu, wakati wa baridi, akafika Februari 1528.

Safari ninayoipenda kuliko zote ni ya huko Paris, na haifiki hata kilomita 150. Mhispania mmoja aliyepanga naye alikuwa amekabidhiwa pesa zake za masomo, akazitumia zote, Inyasi akarudi kuombaomba. Baadaye habari ikaja: yule mtu yuko Rouen, anaumwa, hana mtu. Inyasi akaamua kwenda kumwuguza. Akapanga kutembea bila viatu, bila kula wala kunywa, akisali kwa ajili yake. Asubuhi ile aliogopa mno hata kuvaa nguo kulimshinda. Woga ukamfuata hadi nje ya mji. Akapanda kilima kwa shida, kisha ghafla woga ukaondoka, akaanza kusema na Mungu kwa sauti mashambani. Siku ya tatu akamfikia mgonjwa, akamfariji, akamtafutia meli ya kurudi Hispania, na akampa barua za kumtambulisha kwa rafiki zake.

Miaka sita nyuma alikataa mwenzake ili asije akamtegemea. Sasa yuko barabarani peke yake tena, anakwenda kuwa mtu wa kutegemewa na mtu aliyemtapeli.

Mwaka 1529 akapata chumba pamoja na Petro Favre na Fransisko Ksaveri. Tarehe 15 Agosti 1534, juu ya kilima cha Montmartre, watu saba wakaweka nadhiri. Tarehe 27 Septemba 1540 Papa Paulo III akaidhinisha Shirika la Yesu. Aliyekataa kusindikizwa akawa na ndugu karibu 1000 alipofariki tarehe 31 Julai 1556. Na mhujaji yule alitumia miaka yake ya mwisho Roma, kwenye vyumba vichache, akiandika barua maelfu. Alipomsimulia padre mmoja maisha yake, hakujiita mkuu wa shirika. Alijiita mhujaji.

Fransisko Ksaveri alimtuma India mwaka 1540, kwa taarifa ya siku moja, kwa kuwa aliyepangwa aliugua. Mwaka 1542 meli yake ilitia nanga Malindi, hapa kwetu pwani. Hawakuonana tena. Ksaveri alikata sahihi za ndugu zake kwenye barua zao akazivaa shingoni. Juni 1553 Inyasi alimwandikia kumwomba arudi Ulaya. Barua iliondoka Roma wakati Ksaveri alikuwa ameshakufa tangu Desemba, kwenye kisiwa kimoja mbele ya pwani ya China, na habari zilikuwa bado baharini.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.